Maswali ya Gereji: Ekzosi inayooza na masega yaliyoziba

SWALI: Habari za kazi, mafundi. Nina Toyota Corolla ya mwaka 1996, injini ya lita 1.5. Sailensa ya nyuma imetoboka. Mwaka huu imechomelewa mara tatu, na kila mara inatoboka tena pembeni ya kiraka. Ninunue sailensa peke yake au nibadilishe ekzosi nzima? Kazi hii naweza kuifanya nyumbani? – Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu yetu wa Tanga, kiraka hakishiki kwa sababu kutu inakula kutoka ndani. Lita moja ya petroli ikiungua huzaa takriban lita moja ya maji, nayo hutoka kama mvuke. Kwenye safari fupi za mjini, sailensa ya nyuma, iliyo mbali kabisa na joto la injini, haipati moto wa kutosha. Mvuke unageuka maji, unachanganyika na asidi ya moshi na kutuama humo. Chumvi ya bahari nayo inashambulia kwa nje. Ukiona tundu moja, ujue bati la pembeni limeshabaki jembamba kama karatasi, na moto wa kuchomelea unalimaliza. Achana na viraka.

Usinunue kitu kabla hujalala chini ya gari ukakagua. Anza mbele, kwenye manifodi (bomba linalokusanya moshi pale unapotoka kwenye injini), urudi nyuma ukigonga bomba kwa mpini wa nyundo. Bati zima hulia kama chuma. Lililooza hutoa sauti ya kufa na kumwaga vumbi la kutu. Penye shaka, sukuma kwa bisibisi. Bomba la kati likistahimili, nunua sailensa ya nyuma tu. Likibonyea, nunua vyote viwili kwa mpigo, la sivyo boliti za kiungo kile utazikata leo na utazikata tena baada ya miezi michache. Bomba la mbele huchelewa kuoza kwa sababu hukauka kwa joto.

Pamoja na sailensa, chukua gasketi mpya kwa kila kiungo utakachofungua, boliti na nati mpya, springi zake kama kiungo ni cha springi, na raba zote za kuning'inizia. Zihesabu kabla ya kwenda dukani. Watu wengi huacha raba za zamani ili kuokoa pesa kidogo, na hilo ni kosa. Raba iliyolegea huliacha bomba ligonge bodi kila shimo, na baada ya muda sailensa mpya hupasuka kwenye mshono.

Nyumbani unaweza, ila gari likae juu ya stendi, kamwe si juu ya jeki peke yake, na magurudumu yaliyobaki chini yawekewe vigingi. Jioni ya kabla ya kazi, sugua nyuzi za boliti kwa brashi ya waya na upulizie mafuta ya kulegeza kutu. Asubuhi vaa miwani. Tumia soketi ya pembe 6, namba 14 kwa boliti nyingi za Toyota, kwa sababu ya pembe 12 huivua nati iliyoliwa. Nati ikigoma, ikaze kidogo kwanza ndipo uilegeze. Ikigoma kabisa, kata kwa grenda, lakini kumbuka tangi la mafuta liko jirani: cheche zielekee upande mwingine na mtungi wa kuzimia moto uwe mkononi mwa msaidizi. Boliti zilizosimama kwenye manifodi usizilazimishe. Ikikatika moja, itabidi itobolewe kwa drili, na kazi ya saa mbili inakuwa ya siku mbili.

Raba zipake maji ya sabuni ziteleze; grisi huziozesha. Ning'iniza kila kitu kikiwa kimelegea, kisha zungusha bomba hadi lipate nafasi ya sentimita 2 hivi kutoka kwenye bodi, tangi na mipira ya breki. Hapo ndipo ukaze, ukianzia mbele kwenda nyuma. Ukianzia nyuma, bomba linabaki limejikunja na kiungo cha mbele kitavuja. Boliti za springi usibadilishe kwa za kawaida: injini inatikisika, na kiungo kile kimewekwa ili kicheze.

Washa injini ikiwa baridi, msaidizi azibe mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache. Pulizia viungo maji ya sabuni; mapovu yatakuonyesha panapovuja. Endesha dakika 20, acha ipoe, kaza tena.

Kama unaundiwa bomba badala ya kununua, teminali hasi ya betri itolewe kwanza, na kibanio cha ardhi cha mashine ya kuchomelea kishike bomba lenyewe. Mkatalie fundi bomba la maji la mabati: zinki ikipata moto hutoa moshi unaomtia mchomeleaji homa. Kipenyo kibaki cha awali.

Hadi utakapotengeneza, usiwashe gari ndani ya banda lililofungwa, wala mtu asilale ndani injini ikiunguruma. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na hupenya kupitia buti. Abiria wa nyuma wakilalamika kichwa kinawauma, simamisha gari, watoke nje wapate hewa.

SWALI: Gari halivuti mlimani. Fundi anasema masega yameziba, anataka kuyapasua ayatoe. Nikubali? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Kwanza apime kama masega, yaani kifaa cha kwenye ekzosi kinachopunguza sumu ya moshi, yameziba kweli. Afungue sensa ya oksijeni iliyo kabla ya masega (spana namba 22), afunge geji ya presha mahali pake. Kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika, presha ikizidi psi 3 kuna kizuizi. Bila kipimo hicho anabahatisha. Filta ya petroli iliyoziba huleta dalili zilezile.

Yakiwa yameziba kweli, tafuta aliyeyaziba: plagi inayokosa kuwasha au injini inayokula oili. Bila kutibu hayo, mapya nayo yatakufa. Zamani petroli iliyochanganywa na madini ya risasi iliyaharibu masega haraka, lakini nchi zilizo kusini mwa Sahara ziliachana nayo mwanzoni mwa 2006, kwa hiyo sababu hiyo haipo tena. Ukiyatoa unamwaga sumu mtaani kwako, na gari lenye sensa ya pili ya oksijeni, baada ya masega, litawasha taa ya injini. Weka masega mengine ya kipenyo kilekile. Ya zamani yadai mkononi mwako: ndani mna madini ghali ya platinamu, paladi na rodi, na wanunuzi wapo.

SWALI: Sailensa mpya ina kitundu chini na inadondosha maji. Niirudishe dukani? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Hapana. Kitundu cha milimita 2 au 3 sehemu ya chini kabisa kimewekwa kiwandani ili maji yatoke. Fundi asikichomelee. Kikiziba kwa tope, kizibue kwa waya.