Usome kwa saa za nyumbani kwenu

Mdogo wangu, siku ukirudishwa nyumbani ghafla kama tulivyorudishwa sisi, usibandike ratiba ya shule ukutani. Mimi niliibandika, ikanipotezea wiki mbili.

Shule zilipofungwa tarehe 17 Machi 2020 kwa sababu ya korona, nilikuwa kidato cha sita, mchepuo wa CBG (kemia, biolojia na jiografia), mtihani wa taifa uko mlangoni. Nilifika Kibirizi, hapa Kigoma, na ratiba niliyoinakili darasani: saa mbili kemia, saa nne biolojia. Kumbe saa mbili asubuhi ndiyo saa mama anayotaka mikono yote ufukweni, dagaa wa usiku wameshashushwa na lazima waanikwe kabla jua halijapanda. Nasoma nimenuna, naitwa, naenda, nikirudi sikumbuki nilikuwa ukurasa upi.

Mama ndiye aliyeniambia, "Mwanangu, angalia mwezi." Nilikulia ziwani lakini sikuwahi kulifikiria hilo kwenye masomo. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali taa haziwavuti vizuri, mitumbwi hupumzika, na nyumba yetu hupumzika nayo. Basi siku za giza nikaziachia kazi nyepesi: kukariri milinganyo ya kemia huku nageuza dagaa, kusoma kurasa chache jioni. Siku za mbalamwezi nikaziwekea mitihani iliyopita, saa tatu nzima bila kuinuka. Kwenu huenda kinachoendesha nyumba ni palizi au siku ya gulio. Kijue hicho kwanza, halafu ndiyo upange masomo.

La pili ni kuchora, na hili nalisisitiza kuliko yote. Hela ya karatasi za manila haikuwepo. Jirani alikuwa anajenga, nikamwomba fundi mifuko mitupu ya saruji, nikaikung'uta upepo ukiwa mgongoni, nikaipasua kwenye mshono. Karatasi ya ndani ni ya kahawia, ngumu, inapokea mkaa vizuri, na mkaa ukikosea unafutika. Nikachora nefroni, kile kichujio kidogo cha ndani ya figo, yenye urefu wa mkono wangu. Kitabu kikiwa wazi ilitoka safi. Nilipokifunika, kitanzi cha Henle, ile sehemu yake iliyojipinda, kikaenda upande usio wake. Nilikuwa nimeisoma sura ile mara tatu na kujihesabu naijua! Nilirudia mchoro mpaka mara ya tano.

Mdogo wetu wa darasa la tano alikuwa anaangalia. Akauliza, "Kama figo inatoa uchafu, kwa nini kwanza itoe na vitu vizuri?" Sikuwa na jibu. Nililipata kesho yake ufukweni, nikimtazama mama akimwaga mzigo wote juu ya turubai, kisha anarudisha dagaa wazuri kwenye beseni na kuacha mchanga na takataka. Figo inafanya vivyo hivyo: inachuja maji, glukosi, chumvi na urea kwa pamoja, halafu inarudisha kwenye damu kile mwili unachohitaji. Tafuta mtoto wa kumfundisha kwa Kiswahili cha nyumbani. Maswali yake hayana huruma, na ndiyo unayoyahitaji.

Kundi la WhatsApp la darasa lisikutie presha. Mafaili yalimiminika, yakala vifurushi, wengi hatukuyafungua. Kilichonifaa ni rafiki yangu wa Kasulu aliyekuwa na simu ya kitochi: kila jioni ananitumia swali moja kwa ujumbe wa kawaida, nami namtumia langu, majibu asubuhi. Siku nyingine swali lake ndilo lilikuwa salamu pekee niliyopata kutoka nje ya Kibirizi, na lilinipa nguvu ya kukaa tena mezani.

Kidato cha sita tulirudi tarehe 1 Juni, mtihani ukaanza tarehe 29. Nilibeba michoro sita ndani ya sanduku, imekunjwa na inanuka dagaa. Usiku ule ule wa kurudi wenzangu waliitandaza sakafuni bwenini, wakaanza kuinakili.