Pete ya bomu la atomiki ya Kix: thamani yake iko wapi?

Mkuu, umeuliza mambo mawili kuhusu ile pete ya Lone Ranger (kipindi cha redio cha Marekani) yenye umbo la bomu uliyoiona kwenye mnada wa mtandaoni: je, ni adimu kiasi cha kustahili bei anayoitaka muuzaji, na je, ni salama kukaa nayo nyumbani wakati tangazo linasema ina mionzi. Nakusanya pete hizi za zawadi za redio tangu nihamie huku Minnesota, na hiyo unayoitaka ninayo, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu kidogo.

Nianze na mionzi. Pete hiyo ilitoka 1947. Mtoto alisikia tangazo redioni, akakata kipande cha boksi la Kix (nafaka za kifungua kinywa za General Mills), akakitia kwenye bahasha pamoja na senti 15, kisha akakaa kumsubiri mtu wa posta. Ndani ya bomu waliweka poloniamu 210 (elementi yenye mionzi) kidogo sana pamoja na kiwambo kilichopakwa zinki salfaidi, kemikali inayomulika ikigongwa na mionzi. Ukichomoa mkia mwekundu wa plastiki unakuta lenzi. Ulitakiwa ukae gizani hadi macho yazoee, ndipo uanze kuona vimulimuli vikiwaka na kuzima, kila kimoja ni chembe ya alfa (kijipande cha mionzi kinachotoka kwenye poloniamu) imegonga kiwambo. Hayakuwa mazingaombwe. Mwanasayansi Mwingereza William Crookes alibuni kifaa cha namna hiyo mwaka 1903, na hapa kimefinywa kikavaliwa na mtoto kidoleni. Mimi jambo hilo hunisisimua kila nikiishika.

Sasa, poloniamu hiyo hupungua kwa nusu kila baada ya siku 138. Mwaka mmoja ukipita imebaki kama sehemu moja kati ya sita. Leo imekwisha kabisa, imegeuka madini ya risasi. Weka kabatini bila wasiwasi. Muuzaji akikwambia bado inamulika, achana naye.

Kuhusu bei: hiyo si adimu. Ukiikosa leo, ukivumilia kidogo utaona nyingine. Unacholipia ni ukamilifu wake. Mkia huchomoka, kwa hiyo nyingi zimeupoteza, na mkia ndio wenye kijinafasi cha kuficha ujumbe. Tazama lenzi kama imekwaruzika, kisha sehemu inayozunguka kidole, kama imepasuka pale ilipokuwa ikikunjwa kupanuliwa au kubanwa. Ule utando wa rangi ya dhahabu ni mwembamba mno. Tafadhali usiusugue kwa Brasso, ukitoka haurudi.

Pete ya kuogopa kubambikiwa ni ile ya plastiki nyeupe yenye mamba wawili ubavuni. Mwaka 1940 ilitolewa na Wheaties (nafaka nyingine za General Mills) kwa wasikilizaji wa kipindi cha redio cha Jack Armstrong ikiwa na jiwe la kijani, wakaiita jicho la joka. Mwaka 1946 umbo lilelile likarudi na jiwe jekundu kama pete ya kipindi cha Buck Rogers, na kipindi cha The Shadow nacho kikapata ya jiwe jeusi kupitia wauza chumvi wa Carey. Tofauti ni jiwe tu, lakini bei zao hazilingani, na hapo ndipo wajanja wanapopata riziki: wanang'oa jiwe moja wanabandika jingine. Mimi hushika lenzi ya kukuzia nikazungusha pete taratibu kwenye mwanga. Gundi mpya hung'aa ukingoni mwa jiwe, na jiwe lililobadilishwa mara nyingi hukaa upande kidogo. Halafu naimulika plastiki kwa tochi ya simu na kuzima taa. Orijino ilitengenezwa kung'aa gizani, na zangu bado zinatoa mwanga hafifu.

Adimu ya kweli ni kama ile ya kipindi cha Little Orphan Annie ya 1942, wakati wa vita, yenye vibati vya kukunjua vya kukadiria ndege iko juu kiasi gani. Zinazojulikana ni chache mno, sijawahi kuishika. Kwa anayeanza ningependa zaidi utafute ya kipindi cha Green Hornet ya 1947, nayo ni ya General Mills, ina muhuri na kijinafasi cha siri, na inang'aa gizani. Halafu vipindi vyote viwili, Green Hornet na Lone Ranger, vilizaliwa kituo kimoja cha redio, WXYZ cha Detroit, kwa hiyo pete zao zinakaa vizuri pamoja.

Kwa hii yako, mwombe muuzaji picha ya mkia ukiwa umechomolewa, ya lenzi kwa karibu, na ya upande wa ndani wa pete. Akikataa kuuchomoa mkia, usiweke dau. Akizituma, zibandike hapa nikuangalizie kabla mnada haujafungwa.