Fundi wa Ngamiani Anajibu: Gemu Lipo, Ikoni Yake Imekwenda Wapi?

Shule zimefungwa, na barua zenu zinaonyesha. Mwezi huu karibu zote ni za magemu, na nyingi zinalalamikia jambo moja: ikoni kwenye deskitopu imepotea au imegeuka karatasi nyeupe, na fundi wa jirani ameshatoa hukumu kwamba Windows ipigwe upya. Mimi ni fundi pia, na najua kwa nini hukumu hiyo hutoka haraka. Kupiga Windows ni kazi ya kuweka flashi, kubofya "Next" na kunywa chai. Kutafuta ikoni ilikopotelea kunataka kuuliza maswali.

Shikamoo Bi Fundi. Laptopu yangu ina SSD (diski ya kasi) ya GB 256, ndiyo C, na diski ngumu ya kawaida, ndiyo D. C ilijaa, nikahamishia Steam, programu ninayonunulia na kuchezea magemu, kwenye D. Nilifuata maelekezo: ndani ya folda ya Steam nilifuta kila kitu, nikabakiza steamapps, userdata na Steam.exe, kisha nikaihamisha. Magemu yote yanafunguka, hata GTA V. Lakini ikoni zote kwenye deskitopu zimekuwa karatasi nyeupe. Fundi wa huku anataka elfu ishirini apige Windows. Nimpe?
*Mwanafunzi wa chuo, Morogoro*

Marahaba mwanangu. Usimpe. Na akigusa D kwa bahati mbaya, utashusha GTA V upya, zaidi ya GB 100, na bando la mwanafunzi ninalijua.

Windows yako ni nzima. Maelekezo uliyofuata ni sahihi, ila yana athari moja ambayo hawakukutajia. Ndani ya folda ya Steam kuna folda nyingine ndogo iitwayo pia steam, na ndani yake kuna folda ya games. Humo ndimo Steam inamoweka picha za ikoni, kila moja ni faili dogo la .ico lenye jina refu la herufi na tarakimu zisizosomeka. Uliposafisha kila kitu ukabakiza vitu vitatu, picha zikaenda na taka.

Sasa fungua Notepad, kisha ivute shotikati moja nyeupe (yaani ile ikoni ya kufungulia gemu) kutoka deskitopu uidondoshe ndani yake. Utaona mistari michache kama hii:

[InternetShortcut]
URL=steam://rungameid/271590
IconFile=C:\Program Files (x86)\Steam\steam\games\…ico
IconIndex=0

Hiyo 271590 ni namba ya GTA V kule Steam. Mstari wa URL haujali Steam iko C au D, unaiambia tu: fungua gemu namba fulani. Ndiyo maana ukibofya karatasi nyeupe gemu linafunguka. Mstari wa IconFile ndio ulioachwa nyuma. Bado unaelekeza C, mahali ambapo hapana kitu tena.

Dawa ya kwanza ni nyepesi. Futa shotikati nyeupe. Kufuta shotikati hakufuti gemu, usiogope. Fungua Steam, nenda "Library", bofya jina la gemu kwa kitufe cha kulia, chagua "Manage", halafu "Add desktop shortcut". Steam itaandika shotikati mpya yenye njia ya D, na kwa kawaida huishusha tena picha. Picha ni kilobaiti chache, bando halitastuka.

Ikitokea Steam imegoma kuleta picha, chukua ikoni kwenye gemu lenyewe. Rudi "Manage", chagua "Browse local files", na folda ya gemu itafunguka. Kwa GTA V tafuta GTA5.exe, faili linalolifungua gemu, kisha inakili njia yake kamili. Halafu bofya shotikati kwa kitufe cha kulia, "Properties", "Change Icon", bandika njia hiyo, OK. Ikoni imo ndani ya faili la exe lenyewe, kwa hiyo hata picha za Steam zikifutwa tena kesho, hii itabaki.

Kuna kitu kimoja zaidi ambacho huwatoa watu jasho. Umerekebisha njia, faili lipo, lakini karatasi bado nyeupe. Hapo ujue Windows inakuonyesha kumbukumbu ya zamani. Kila ikoni ikishachorwa mara moja, nakala yake huwekwa akiba ili isichorwe upya kila mara, na akiba hiyo huweza kuganda. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika:

ie4uinit.exe -show

kisha Enter. Hakuna dirisha litakalofunguka, wala ujumbe wa pongezi. Deskitopu itapepesa tu kidogo, au isipepese. Ikikataa, fungua Command Prompt uandike mistari hii mmoja mmoja:

taskkill /f /im explorer.exe
del /a /f "%localappdata%\Microsoft\Windows\Explorer\iconcache*"
start explorer.exe

Baada ya mstari wa kwanza, upau wa chini na ikoni zote vitatoweka na utabaki na dirisha la maandishi peke yake. Usizime kompyuta. Endelea na mstari wa pili na wa tatu, vyote vitarudi. Hii ni kwa Windows 10 na 11.

Na fundi wako umsalimie. Hana nia mbaya, ana wateja wengi.

Habari za kazi, dada. Nina banda la gemu lenye kompyuta za Windows 7. Magemu, hasa PES la mpira, nimeyaweka kwenye diski ya nje, na kila usiku naichomoa naondoka nayo kwa sababu ya usalama. Tatizo: shotikati nikiziweka zinakaa siku kadhaa, halafu nakuta zimefutika zote kwa pamoja. Nimeshawafukuza vijana wawili kwa tuhuma za kuchezea mashine. Nini hiki?
*Mwenye banda, Tabora*

Kaka, waite hao vijana uwaombe radhi, na uwape nusu saa ya kucheza bure.

Anayefuta ni Windows 7 yenyewe. Ina kazi ya usafi inayojiendesha kila wiki. Ikifika, hukagua shotikati zilizoko deskitopu na kuangalia kama zinakoelekeza pana kitu. Zilizovunjika zikizidi nne, inazifuta zote. Kwa hesabu ya Windows, gemu lililoko kwenye diski iliyochomolewa ni gemu lisilokuwepo. Kwa hiyo siku usafi ukipita diski ikiwa nyumbani kwako chini ya mto, shotikati zote za PES na wenzake zinahesabiwa takataka. Ukiwa nazo nne au pungufu haizigusi, na ndiyo maana labda kuna mashine moja bandani ambayo haijawahi kukusumbua.

Kuizima: fungua "Control Panel", andika "troubleshooting" kwenye kisanduku cha kutafutia, ingia, upande wa kushoto bofya "Change settings", na pale penye "Computer Maintenance" weka "Off". Fanya hivyo kwenye kila mashine. Hutapoteza kitu cha maana.

Ukishamaliza hilo kuna la pili. Leo diski inaweza kusomeka kama E, kesho mteja amechomeka flashi yake kwanza, E imechukuliwa, diski yako imekuwa F. Shotikati zinazoelekeza E zinabaki zinatazama flashi ya watu. Ipe diski herufi yake ya kudumu: kitufe cha Windows na R, andika diskmgmt.msc, bofya diski hiyo kwa kitufe cha kulia, chagua "Change Drive Letter and Paths", na uipe herufi ya mbali kama P. Mashine itaikumbuka. Kisha tengeneza shotikati upya zikiwa zinasoma P.

Kuhusu Windows 7 yenyewe, Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Januari 2020, na Steam iliitupa mkono tarehe 1 Januari 2024. Kwa PES za zamani zisizohitaji mtandao utaendelea. Ila usiingizie hapo hesabu zako za benki.

Fundi, ikoni zangu zote zimeondoka, magemu, My Computer, hata Recycle Bin. Picha ya simba peke yake.
*Kigamboni*

Bofya kitufe cha kulia juu ya simba, "View", "Show desktop icons". Kuna mtu aliiondoa alama ya tiki. Kama nyumbani kuna mtoto wa darasa la nne, anza uchunguzi kwake.

Shikamoo Bi Fundi. Mwanangu alinunua GTA San Andreas dukani, wakamwekea kwenye flashi kwa elfu mbili. Ilicheza siku ile ile vizuri. Kesho yake ikoni ikawa nyeupe, na ukibofya kunatokea maneno kwamba gta_sa.exe imehamishwa au imebadilishwa na shotikati haitafanya kazi. Duka linasema kompyuta yetu mbovu, kompyuta ni mpya.
*Mama wa watoto watatu, Kigoma*

Marahaba mwanangu, na pole.

Hii ni tofauti na ya kijana wa Morogoro. Kwake gemu lilikuwepo, picha ndiyo iliyokosekana. Kwako faili la gemu lenyewe limeondolewa, na picha ilikuwa ndani ya faili hilo, kwa hiyo vimekwenda pamoja. Shotikati ni kibao cha barabarani kinachoelekeza kwa mama lishe: kibao bado kimesimama, mama lishe kahamishwa.

Aliyemhamisha, kwa kukisia kwangu, ni Defender, antivairasi inayokuja na Windows. Hakikisha hivi: fungua "Windows Security", "Virus & threat protection", halafu "Protection history". Ukikuta gta_sa.exe imeorodheshwa, umempata. Pale pana kitufe cha "Restore", na najua mwanao ameshakionyesha kidole.

Mimi sitakushauri ukibofye. Gemu la elfu mbili la flashi limevunjwa kufuli, na exe iliyochezewa huonekana na antivairasi kama mwizi hata pale isipobeba kirusi. Mara nyingine inabeba kweli. Wewe, mimi na mwenye duka, hakuna anayeweza kutazama faili hilo kwa macho akajua ni lipi kati ya hayo mawili. Kama kwenye kompyuta hiyo unafanya pia kazi zako za ofisi au unafungua barua pepe yako, acha faili libaki kifungoni. Watafutieni magemu ya bure yenye asili inayojulikana. Steam ina mengi yasiyodaiwa hata shilingi.

Lakini kwa haki, antivairasi nayo si malaika. Ijumaa ya tarehe 13 Januari 2023, Microsoft walitoa sasisho la Defender lenye kasoro, na kwenye kompyuta nyingi za maofisini zilizowashiwa kanuni fulani ya ulinzi likafuta shotikati za watu kutoka deskitopu, upau wa chini na menyu ya Start. Programu zenyewe zilikuwa salama, vibao tu ndivyo vilivyong'olewa. Walirekebisha, ila shotikati zilizokwishafutika hazikurudi zenyewe, na Microsoft ikabidi watoe skripti ya kuzitengeneza upya. Kwa hiyo ikoni ikipotea, soma kwanza historia ya Defender kabla ya kugombana na duka au mtoto.

Mambo vipi Bi Fundi? Rafiki yangu alinikopia PES kwa flashi. Kwake linapiga fresh, kwangu ikoni nyeupe. Nimejaribu flashi tatu tofauti.
*Kijana wa Kahama*

Poa, ingawa mie shikamoo ningeipokea pia.

Bofya hicho ulichokopi kwa kitufe cha kulia, "Properties", usome ukubwa. Ikiwa ni KB 1 au 2, umebeba shotikati, gemu limebaki kwa rafiki yako, na hata ukinunua flashi ya nne itakuwa vile vile. Dalili nyingine ni kamshale kadogo kwenye kona ya chini kushoto ya ikoni.

Mwambie abofye shotikati yake kwa kitufe cha kulia, achague "Open file location". Hapo ndipo gemu lilipo. Apande ngazi moja juu, akopi folda nzima. Jambo moja litakalowakwamisha: flashi nyingi huja zikiwa za mtindo wa FAT32, na FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4, hata flashi ikiwa tupu na ni ya GB 64. Magemu ya mpira yana mafaili makubwa ya namna hiyo. Hamisha kwanza vyote vilivyomo kwenye flashi, maana hatua hii inafuta kila kitu, kisha ifomati kuwa exFAT.

Ukishaibandika folda kwenye kompyuta yako, tafuta exe ya gemu, shikilia kitufe cha Alt na uivutie deskitopu. Shotikati itazaliwa na picha yake. Baadhi ya magemu yatadai pia yasakinishwe rasmi ndipo yafunguke. Yakidai hivyo, kukopi folda hakutatosha, utahitaji kisakinishi chenyewe.