Nyota zinageuka mistari katika picha za sekunde 60
Ndugu, umeeleza kwamba ukiwa juu ya paa la nyumba yako Lang'ata, picha za sekunde 60 zisizo na kamera ya kuongoza (ile inayosahihisha mwendo wa darubini) hutoka na mistari, ingawa mhimili wa kitako, yaani kifaa kinachoizungusha darubini ifuate nyota, uliuelekeza kusini kwa dira. Dira huvutwa na nondo zilizo ndani ya zege, na Nairobi, iliyo takriban digrii 1.3 kusini mwa ikweta, huiona ncha ya anga, yaani mahali ambapo nyota huonekana kuzunguka, ikiwa karibu kugusa upeo wa macho, hivyo usipoteze usiku kuitafuta Sigma Octantis, nyota hafifu iliyo karibu na ncha hiyo.

Ikiwa nyota inayumba mashariki na magharibi kisha inarudi, kosa ni la gia, nalo halitibiwi kwa kusogeza mhimili. Fupisha picha, kisha uziunganishe. Ikihama kaskazini au kusini, chagua nyota iliyo karibu na utosi (juu kabisa ya kichwa chako), uitazame kwa dakika 5 kupitia lenzi yenye nyuzi za msalaba, ukisogeza kitako kidogo kidogo kushoto au kulia hadi itulie; baadaye rekebisha kimo cha mhimili kwa nyota ya mashariki iliyo chini. Angalia pia fimbo ya uzani (inayobeba uzito wa kusawazisha darubini) isigonge mguu wa stendi, kwani katika latitudo yetu hulala chini mno.