Jumamosi jua kali, Jumapili mvua: triathloni mbili ndani ya siku mbili

Mara ya kwanza nilipojiandikisha kushindana triathloni, yaani kuogelea, baiskeli kisha miguu, siku mbili mfululizo, hofu yangu yote niliimalizia kwenye begi. Utabiri ulisema Jumamosi nyuzi 34 bila wingu, Jumapili nyuzi 12 na mvua ya upepo. Nikapakia kama mtu anayehama nyumba: jaketi mbili, glavu, losheni ya jua, miwani ya kuogelea ya kioo cheusi na nyingine ya kioo cheupe. Sikusahau kitu. Na bado Jumapili niliishia kwenye hema la huduma ya kwanza, nimeviringishwa lile karatasi la kung'aa, meno yanagongana hadi siwezi kutaja jina langu.

Mama mmoja mhudumu akaniuliza, "Mwanangu, tangu jana mchana umekula nini?"

Nikaanza kuhesabu. Soda moja baada ya kumaliza. Biskuti. Usiku sahani ya tambi ambayo niliiacha nusu, maana joto lilikuwa limenikata hamu. Maji, ndiyo, chupa mbili tatu. Mama hakunisema. Alinipa chai yenye sukari ya kutosha watu wawili, akasimama hapo mpaka nikaimaliza.

Tangu siku hiyo nimerudia wikendi za namna hiyo mara nne, na kila mara nimezidi kuamini jambo moja: mbio za Jumapili huharibika Jumamosi alasiri. Jua linakukopa maji, chumvi na sukari ya misuli. Baridi inakuja kesho yake na kukuficha deni lenyewe. Ukiwa kwenye baridi, damu hukimbilia katikati ya mwili, mwili unadhani una maji ya kutosha, kiu inakatika na mkojo unaongezeka. Halafu ukianza kutetemeka, misuli inachoma glaikojeni, yaani sukari ya misuli, ileile uliyoimaliza jana juani. Kwa hiyo mtu anayesema "afadhali kesho kuna baridi, nitapumzika" hajui anachokisema. Mimi nilikuwa wa kwanza kuyasema hayo.

Tuanze na Jumamosi yenyewe, ingawa hapo sina mengi. Mbio fupi ni mita 750 za kuogelea, kilomita 20 za baiskeli na kilomita 5 za miguu, na ufupi wake ndio unaodanganya. Kwenye joto moyo unapiga haraka zaidi kwa mwendo uleule, kwa hiyo fuata mapigo, achana na saa. Mimi huanza baiskeli polepole kiasi cha kuona aibu. Maji kila kituo, nusu kinywani, nusu kichwani na shingoni. Ukijiona shujaa, kumbuka Cozumel, Mexico, Septemba 2016. Jonny Brownlee, aliyekuwa na medali za Olimpiki za 2012 na 2016, alikuwa anaongoza zikiwa zimebaki mita mia chache, akaanza kuyumba kama mlevi. Kaka yake Alistair alimshika na kumvusha mstari. Mwili ule ulikuwa umeandaliwa maisha yake yote kwa kazi hiyo, na jua halikujali.

Sasa alasiri. Hapa naomba utulie.

Jipime uzito kabla ya mbio na baada, ukiwa na nguo chache na umejikausha. Kila kilo iliyopungua ni takribani lita moja ya maji. Rudisha mara moja na nusu: ukipoteza kilo 2, kunywa lita 3, lakini zigawanye mpaka wakati wa kulala, usizimwage zote kwa mkupuo. Wala yasiwe maji matupu. Maji mengi bila chumvi huzimua sodiamu kwenye damu, na hiyo ni hatari kuliko kiu yenyewe. Kama huna chumvi za kurudisha maji mwilini zilizotengenezwa tayari, kuna mchanganyiko wa zamani: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya msawazo, visivyofurika. Ladha yake ni kama machozi yenye sukari. Unazoea.

Chakula ndicho kilichoniangusha mimi. Katika saa nne za mwanzo lenga gramu moja ya wanga kwa kila kilo ya mwili wako, kila saa. Nina kilo 68, kwa hiyo natafuta gramu 70 hivi: glasi ya juisi, vipande viwili vya mkate na ndizi moja vinatosha kwa saa moja. Tatizo ni kwamba joto linaua njaa. Usingoje njaa. Mimi huweka kengele ya simu, na ikilia nakula hata kama tumbo linanuna. Siku hizi naanza na vya kunywa, maziwa na juisi, kwa sababu vinapita hata pale mkate unapogoma. Jioni nakula wali mwingi wenye chumvi, nyama au maharage, na mboga nazipunguza. Najua mama angenigombeza, lakini mboga nyingi usiku huo zina kesi yake asubuhi, nawe umevaa nguo moja iliyobana.

Kuna jambo ambalo sikuwahi kuambiwa na mtu: viatu. Maji yote unayojimwagia Jumamosi yanateremka miguuni. Unamaliza mbio za jua viatu vimelowa chapachapa, kisha unavitupa kwenye mfuko wa plastiki, na Jumapili unavitoa vikiwa bado vimelowa, baridi na vinanuka. Malengelenge yangu mabaya kuliko yote yalitoka hapo. Toa soli za ndani, jaza magazeti, yabadilishe baada ya saa mbili na tena kabla ya kulala. Mwenye jozi mbili aende na mbili.

Baiskeli nayo ina mambo yake. Jumamosi usiiache juani ukiwa umejaza upepo hadi mwisho. Nimesikia matairi yakipasuka kwenye eneo la kubadilishia, pale baiskeli zinaposubiri waogeleaji, kabla mbio hazijaanza, mlio kama wa bunduki. Jioni futa jasho na vinywaji vya sukari vilivyogandia kwenye skrubu, kausha mnyororo, utie mafuta mazito yanayostahimili mvua. Ila upepo wa matairi usiuguse usiku. Upime asubuhi, kwa sababu baridi yenyewe inaushusha: tairi lililosoma psi 85 (kipimo cha msukumo wa upepo) kwenye nyuzi 34 litasoma kama 78 kwenye nyuzi 12 bila kuvuja hata kidogo. Kwa barabara iliyolowa hicho ndicho karibu kiwango ninachokitaka, kwa hiyo mara nyingi nakuta kazi imeshafanywa na hali ya hewa, na pampu inarudi begini.

Jumapili asubuhi jambo la kwanza ni kuuliza habari za maji. Upepo wa usiku huchanganya maji ya juu na ya chini, ziwa linapoa, na ziwa lililokataza jana suti za mpira, zile za kuogelea zinazotunza joto, linaweza kuziruhusu leo. Kwa kanuni za World Triathlon, shirikisho la dunia la mchezo huu, sisi wa makundi ya umri, yaani washiriki wa kawaida, katika kuogelea kusikozidi mita 1,500, tunakatazwa suti maji yakifika nyuzi 22. Wale wa daraja la juu wanakatazwa kuanzia 20. Kipimo huchukuliwa saa moja kabla ya kuanza, kwa hiyo suti iwe mkononi, sio kwenye gari. Mvua kubwa inaweza pia kuchafua maji kabisa. Paris 2024 mbio za wanaume zilihamishwa kutoka Julai 30 hadi 31 kwa sababu ya hali ya mto Seine. Kwenye mbio zetu za kawaida waandaaji huenda wakafuta kuogelea na kuweka mbio za miguu mahali pake, nawe uwe tayari kwa hilo bila kulia.

Halafu kuna ile ajabu ya siku hizo: maji yana joto kuliko hewa. Unaogelea vizuri, unatoka, na upepo unakukata. Kuanzia hapo una dakika chache kabla vidole havijafa ganzi. Helmeti lazima ifungwe kabla hujagusa baiskeli, na kifungo chake ni kidogo, nacho hakina huruma. Mara ile ya kwanza nilihangaika nacho muda mrefu hadi watu niliowaacha majini wakanipita wakiniangalia kwa huruma. Siku hizi naweka taulo dogo kavu ndani ya mfuko wa plastiki juu ya helmeti. Nakausha mikono na kifua, navaa kizibao kisichopitisha upepo chenye zipu ndefu, kisha helmeti, kisha glavu. Jaketi la mikono usijaribu. Juu ya ngozi iliyolowa mikono ile haipandi, utabaki unapigana nayo kama mtoto. Nikipoteza sekunde 60 hapo nazihesabu kama ada.

Jeli, vile vipakiti vya sukari nzito ya kula njiani, zifungue midomo mapema au zimimine kwenye chupa, kwa sababu vidole vilivyokufa ganzi havichani kitu. Weka maji ya uvuguvugu. Kunywa kwa saa, kila dakika 15, maana kiu haitakuja kukukumbusha. Breki za kwenye rimu zikilowa huchelewa kushika, kwa hiyo zigusegu­se mapema kabla ya kona. Mistari ya rangi na mifuniko ya chuma barabarani ipite ukiwa wima, bila kubana breki.

Ratiba ikiwa kinyume, baridi kwanza kisha jua, mambo ni mepesi kidogo. Mtego wake ni mmoja: hukutoka jasho sana jana, unajiona mzima, unaanza kwa pupa. Mwili unahitaji siku 10 hadi 14 kuzoea joto, na usiku mmoja haubadilishi chochote. Siku hiyo sahau muda wako bora.

Na kuna Jumapili ambayo inabidi uiache. Ukiona kutetemeka kumekoma ghafla huku bado una baridi, ulimi unakuwa mzito, au huwezi kukumbuka umezunguka mara ngapi, teremka. Mwaka juzi niliteremka kilomita ya 14 ya baiskeli. Kosa nililokaribia kulifanya ni kwenda moja kwa moja kujifungia garini nipate joto. Mwenzangu mmoja alinikumbusha kwa kelele: kwanza nenda kwa waamuzi, sema umejitoa, rudisha chipu ya mguuni inayopima muda wako. Usipofanya hivyo, kuna watu watabaki kwenye mvua wakikutafuta.