Gauni halikukaa, lakini mwili wako hauna kosa

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia saa 5 usiku: "Dada, hili ni gauni la tatu nashona na halinikai. Nadhani mwili wangu haushoneki." Akaambatanisha picha aliyojipiga kwa nyuma, kwenye kioo cha kabati. Usingizi uliruka. Maneno kama hayo niliwahi kuambiwa mimi, na fundi, mbele za watu.

Ilikuwa 2019. Nilipeleka kitenge changu, yadi 6 nilizodunduliza miezi miwili, kwa fundi aliyesifiwa mtaa mzima. Harusi ya mdogo wangu ilikuwa Jumamosi, na gauni nikalijaribu Ijumaa jioni. Mabega yamening'inia, kifua kimebana, na pale juu ya makalio kitambaa kimejikusanya mafungumafungu. Nikamwonyesha. Akanitazama juu mpaka chini, wateja wengine wakisikia, akasema: "Mama, nguo haina shida. Wewe una umbo gumu." Nililivaa hivyohivyo, nikajitanda khanga mabegani mchana kutwa. Picha za harusi ile sijawahi kuzitundika ukutani.

Baada ya hapo nikanunua cherehani cha mguu, Butterfly nyeusi ya mkono wa pili. Miezi ya kujifunza kunyoosha mshono na kubadilisha zipu naiacha, kila mtu anaipitia. Yaliyonifunza ni mambo ya pateni, zile karatasi zilizochorwa vipande vya nguo vya kufuatisha unapokata kitambaa.

Pateni yangu ya kwanza niliipakua kwenye intaneti, nikaichapisha steshenari kwenye karatasi za A4, nikaziunga kwa gundi sakafuni. Gauni likatoka dogo, halifungi. Nilikaa chini nikalia, nikaamini fundi yule alisema kweli. Siku kadhaa baadaye ndipo nikaona kile kiboksi kilichochorwa pembeni ya karatasi, kimeandikwa kwamba kila upande uwe sentimita 10. Nikaweka futi: 9.4. Mashine ya steshenari ilikuwa imepunguza kila kitu ili kienee kwenye karatasi! Kwa kifua cha sentimita 100, hapo zimeshaondoka 6. Kwa hiyo kabla hujashika mkasi, pima kiboksi. Nakuomba, pima kiboksi.

La pili nililijua kwa shida zaidi. Pateni zinachorwa kwa mwanamke wa kukadiria. Zile za Burda, jarida la mitindo la Kijerumani, kwa mfano, saizi zake za kawaida ni za mtu wa sentimita 168. Mimi nina 157. Kiuno cha karatasi kinaangukia chini ya kiuno changu, na sikufanya dhambi yoyote kuzaliwa hivi. Siku hizi nafupisha karatasi kwanza, katikati ya kwapa na kiuno, kisha ndiyo natazama urefu wa pindo.

Na kifua. Nilikuwa nachagua saizi kwa kupima pale kilipojaa, sentimita 104, kisha nalalamika mabega mapana. Mabega hayakui kwa sababu kifua kimejaa! Sasa napitisha futi juu ya matiti, chini ya makwapa, napata 96, nachagua saizi ya 96. Zile 8 zilizobaki nazigawa: kipande cha mbele cha karatasi ni nusu tu ya upande wa mbele, kwa hiyo nakikata kupitia kifuani na kukipanua sentimita 4 palepale penye uhitaji. Mabega yanabaki yangu, kifua kinapumua.

Lakini hakuna kilichonisaidia kama marekani. Kile kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kilicholetwa Zanzibar na meli za Wamarekani karne ya 19 kikabaki na jina lao. Ni cha bei ndogo na hakina maua ya kukupumbaza macho. Kila pateni mpya naishona kwanza kwa marekani, mishono mirefu ya kufumua, naivaa, nasimama mbele ya kioo nimenyooka. Halafu nasoma mikunjo. Mkunjo unaovutika kama kamba unaelekea mahali panapobana. Mkunjo uliolegea unaonyesha kitambaa kilichozidi. Nachora juu ya mwili kwa kalamu, nafumua, narudisha kwenye karatasi. Gauni la sendofu ya mpwa wangu mwezi uliopita lilipitia marekani mara tatu. Ukumbini mama mmoja nisiyemjua alinishika mkono akauliza fundi wangu ni nani. Nikamjibu: mimi. Nililisema kwa sauti.

Dada zangu, acheni kuukaripia mwili kwa makosa ya karatasi. Acheni kukata kitenge kizuri kwa haraka kwa sababu sherehe ni kesho. Kilowekeni kwanza, pamba hurudi. Na mtu akikuambia una umbo gumu, chukua kitambaa chako uondoke.

Sasa nirudi kwako uliyeniandikia. Picha yako nimeitazama sana. Mafungu yale ya kulala juu ya makalio ninayo na mimi: mgongo wako umeingia ndani kiunoni, hivyo kipande cha nyuma ni kirefu mno katikati. Vaa gauni, mtu akufinyie kitambaa kilichozidi hapo, abane kwa pini, apime. Tuseme ni sentimita 2. Kwenye karatasi ya nyuma chora mstari wa kiuno, ukunje 2 katikati ya mgongo, mkunjo uzidi kupungua mpaka uishe kabisa kwenye mshono wa ubavuni. Mstari wa katikati utapinda kidogo, kwa hiyo usikate mgongo kwa kitambaa kilichokunjwa. Ukate vipande viwili, uviunge kwa mshono. Nunua mita 3 za marekani, ushone, ujipige picha nyingine kwenye kioo hichohicho. Nitumie hata kama ni saa 5 usiku.