Kipokezi kinachoelea si lazima kizime uvimbe

Mkuu, umeuliza kwa nini mama kaandikiwa sindano za etanasepti kwa baridi yabisi, na kwa nini daktari kang'ang'ania kipimo cha TB wakati hata hakohoi. Shangazi yangu hapa Mbagala anachoma hizohizo mwaka wa pili, na mimi riziki yangu iko maabara. Ngoja nikueleze.

TNF ni mjumbe wa kinga ya mwili, kazi yake kuamsha uvimbe. Ujumbe haufiki mpaka ajishike kwenye kipokezi kilichochomoza juu ya seli. Sasa mwili una ujanja: kimeng'enya kiitwacho ADAM17 hukata sehemu ya nje ya kipokezi, ikabaki inaelea kwenye damu. TNF akiikuta anajishika vilevile, ila nyuma yake hakuna seli. Ni abiria aliyepanda daladala isiyo na injini: siti kapata, haendi popote. (Ajabu, ADAM17 huyohuyo ndiye anayemfungulia TNF atoke kwenye seli.)

Etanasepti ni ujanja huohuo uliotengenezwa kiwandani: vipande viwili vya kipokezi cha TNF namba 2, vimeungwa na mkia wa kingamwili ili vidumu mwilini. Marekani waliiidhinisha mwaka 1998.

Kuhusu TB: TNF ndiye anayesaidia kushikilia uzio wa seli unaofungia vijidudu vilivyolala. Ukimkamata, uzio unalegea. Shangazi alikutwa navyo, akaanzishwa vidonge vya kinga kwanza. Alinuna, lakini alimeza.

Ila aliyekujibu kabla yangu kwamba vipokezi vyote vinavyoelea hutuliza uvimbe, hapo hapana. Cha IL-6, mjumbe mwingine wa kinga, ni kinyume. Seli nyingi hazina kipokezi cha IL-6, zina mwenzake tu, gp130, anayepitisha ujumbe ndani ya seli. Kile kinachoelea kinambeba IL-6 mpaka kwao, kama bodaboda inavyoingia vichochoro ambavyo daladala haifiki, na uvimbe unasambaa. Ndiyo maana dawa ya tosilizumabu imetengenezwa kuziba kipokezi cha IL-6, kiwe juu ya seli au kinaelea.

La mwisho, sindano zikae nyuzi 2 hadi 8, na zisigande, ikiganda tupa. Umeme ukikatika muda mrefu, za shangazi zinahamia kwa jirani mwenye jenereta, na jirani naye keshazoea kugongewa usiku.